Kavuo Thelathini na Mmoja

Lori la Nassoro lilikuwa limekwisha kuacha Butembo, linakwenda Beni kuchukua watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Jemima, karani wa ofisi ya kutafuta watoto, alikaa kando ya dereva, orodha magotini. Alitafuta mtoto wa Syauswa, mama wa Vuhovi aliyekuwa akingoja Butembo tangu Jumatatu. Kavuo, miaka sita. Aliliona jina Kavuo. Mbele ya jina: mama amepatikana, Butembo. Chini akaona Kavuo mwingine, maneno yale yale. Na mwingine.

"Unageuza-geuza iyo orodha," Nassoro akasema. "Uko mugonjwa?"

"Papa Nassoro, Kavuo beko makumi tatu na moja. Bote mama yao iko Butembo."

"Uyo mama alichoka."

Jemima hakucheka. Kwa Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa; Kavuo wamejaa kila kijiji. Akiwapakia wote, mama thelathini watakuja Beni kuulizia watoto waliokwisha kupelekwa Butembo. Akiwaacha wote, Syauswa atarudi Vuhovi mikono mitupu. Na saa kumi askari hufunga njia.

Walipofika Bungulu, mtaa wa Beni, alishuka kwa Hadjara, mwanamke anayewaandikia watu barua kwa kompyuta. Akampa disketi yenye orodha, akamweleza habari ya akina Kavuo.

"Ulifanya nini?" Hadjara akauliza.

"Kubadilisha kijumba kimoja kimoja ca orodha mu kompyuta ilinichokesha. Nikatengeneza makro. Nikaiambia: fasi yote unaona Kavuo, andika Butembo."

"Donc ilitii. Makro ni kama mutumishi: unamuonyesha kazi mara moja, anairudilia mbio, hapana kuuliza. Ukiita Kavuo mu soko, ni bangapi batageuka?"

"Nusu ya soko."

"Unaona. Mais kila mutoto iko na numero ya fishi yake, ile karatasi walimuandikia. Numero haina mwenzake. Uliweka kopi mbele ya kuanza?"

"Hapana."

"Basi toa fishi zako, mama. Makro ikipita, hairudi nyuma."

Walisahihisha Kavuo thelathini kwa mkono, fishi kwa fishi. Kisha Hadjara akaweka kopi kwenye disketi nyingine. Akatengeneza makro mpya ya kuwaandika watoto wengine ambao wazazi wao walikuwa wamepatikana: itafute namba, ibadilishe kijumba cha mstari ule tu. Wakaijaribu kwa watoto watatu, wakalinganisha na fishi. Ikawa sawa. Ndipo wakaipitisha kwenye orodha nzima.

"Bale ba kwenda Butembo beko kumi na banne," Jemima akasema.

"Hesabu tena. Njia ingali wazi."

Walikuwa kumi na wanne. Lori liliwapakia, likavuka kizuizi cha askari saa kumi kasoro robo.

Kavuo wa Syauswa alifika Butembo jioni ile. Hakumtambua mama yake mpaka mama aliposema Kinande. Sasa yeye na mama yake wanalima maharage Vuhovi. Katika wale Kavuo thelathini, ishirini na wawili walipata wazazi kabla ya vita kwisha, wanane hawakupata. Jemima alifanya kazi ile miaka mitatu zaidi, kwa namba, na kopi kwanza. Nassoro aliuza lori. Kompyuta ya Hadjara iliibwa, naye akahamia Kasese, anakouza vitenge.