Mate ya Kianjokoma

"Mlima kwa Jembe. Saa nne Lenah anashuhudia dhidi ya genge la magendo, mahakamani Meru. Daktari wao, Mbae, asimfikie. Ova."

"Nimekupata, mzee Kaimenyi. Ova."

Jembe alikuwa Nkirote. Huko nje ukungu wa Kibirichia ulikuwa umemeza mashamba ya waru. Yeye alinyata ndani ya stoo ya viazi hivyo, bastola ya Glock mkononi.

Kisha, sikioni, sauti nyingine.

*Pole pole, Nkirote.*

Mwaniki. Mwenzake kazini, waliyemzika Kianjokoma mwezi uliopita.

Alikufa kwa sumu, isionekane ilikotoka. Mtaalamu mmoja ndiye aliyewafumbua macho. DNA, alisema, ni mkuu asiyetoka ofisini. Hukaa katika kiini cha seli na kutuma nje nakala ya agizo, RNA. Ribosomu, kiwanda cha seli, huisoma herufi tatu tatu, ikiunga amino asidi moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Haiulizi nani katuma.

Daktari Mbae alighushi agizo, RNA bandia, akamdunga nalo Mwaniki. Mwili wa Mwaniki ukajitengenezea sumu wenyewe, kwa utiifu. Jamani!

Sindano tupu ilikuwa mezani, kando ya kichupa kilichofunguliwa. Dozi moja tu. Ya Lenah.

"Weka bunduki chini, dada."

Mbae, nyuma yake, bastola mkononi. Nkirote akaiweka.

"Mwaniki aliteseka sana?" akauliza.

"Utamuuliza mwenyewe sasa hivi."

Nkirote akamkumbuka mama yake Mwaniki kando ya kaburi, alivyomshika viganja na kuvitemea mate, jinsi wazee wanavyobariki. "Enda salama, mwanangu."

Mate!

Akainama, akatema ndani ya kichupa.

Mbae akapiga ukelele. Daktari mzima, alijua vimeng'enya vya mate huikatakata RNA mara moja. Akakirukia kichupa, bastola akaisahau. Teke la Nkirote likamkuta gotini. Pingu zikalia.

"Jembe kwa Mlima. Agizo limefutwa. Leteni gari mumchukue."

"Safi! Umetumia silaha gani?"

"Mate, mzee. Nilifunzwa na mama Mwaniki."

Mbae alipochukuliwa, Nkirote akatembea taratibu hadi kwenye Subaru yake. Akangoja ile sauti ya Mwaniki.

Haikuja.

Mwezi mzima aliomba imwache. Sasa ilipomwacha, akafungulia redio mpaka mwisho, akaisikiliza ikikwaruza hadi Timau.