Mfalme wa Uongo Mtoni Trent

Kila asubuhi kabla ya shule, Dorcas Credland alimpelekea babu yake, Mzee Wilf, chai kwenye mashua yake ya mizigo. Mto wetu wa Trent, huku Uingereza, bahari inapojaa sana, hupandwa na wimbi linalokwenda kinyume na mkondo. Sisi huliita Egir. Anayeliona kwanza hupiga ukelele, na kila mwenye mashua huelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, kwenye wimbi. Akichelewa, anapinduka.

Mwalimu, Bibi Thurlby, aliwaagiza watoto wachunguze jina hilo lilitoka wapi. Dorcas hakumuuliza mtu. Aliruka kamba hadi jioni, kisha akaandika kwamba Egir alikuwa mfalme aliyezama hapa, na wimbi ni mzimu wake unaorudi nyumbani. Akamalizia: "Nimeambiwa na babu yangu." Insha ikabandikwa mlangoni pa kanisa.

Gatini wanaume wakamkebehi Mzee Wilf, wakamuuliza kama mfalme wake hajambo. Mmoja akathubutu kusema kwamba mzee anayeota wafalme, kesho atapiga ukelele wa wimbi lisilokuwapo. Jamani! Mtu ambaye kwa miaka arobaini hajapiga ukelele wa uongo hata mara moja!

"Nilisema lini mimi?" alimuuliza mjukuu wake.

"Babu, nilidhani ni insha tu."

"Insha tu? Umenisingizia uongo kwa jina langu. Siku wakiacha kuniamini, watazama watu, si wafalme."

Dorcas akalia. Babu hakumbembeleza, na alifanya vyema.

Kesho yake Dorcas alikiri mbele ya darasa zima, kisha akaenda kuuliza kama alivyotakiwa tangu mwanzo. Babu alimweleza kwamba hakuna mwenye hakika: wengine husema ni jina la mungu wa bahari wa mabaharia wa kale kutoka ng'ambo, wengine husema sivyo. Dorcas akaandika hivyo hivyo, akaibandika mwenyewe insha hiyo mpya pale pale mlangoni pa kanisa, na wale wanaume wakaisoma.

Jumamosi bahari ilijaa. Babu alimsimamisha Dorcas omoni. Dorcas alipouona mstari mweupe wa povu kwenye kona ya mto, akapiga ukelele: "Egir!"

Mashua saba zikageuka. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

"Umeona?" babu akasema, wimbi lilipokwisha kupita. "Wamekuamini. Mtu wa mtoni hana mali nyingine, mjukuu wangu. Usiichezee tena."