Gauni la Mashati Mawili

Kila siku masomo yakiisha, Tanvi hakuwa na subira. Alipanda ngazi za nyuma hadi nyumbani kwao, juu ya duka, akavua sare ya shule, akanywa chai ingali moto, kisha huyoo, akateremka hadi barazani. Hapo barazani, mbele ya duka la nguo la baba yake, Gopal, mjini Keroka, ndipo fundi Ogeto alipoweka cherehani yake. Malori ya kuelekea Kericho yalinguruma barabarani, makanga wakaita abiria kwa sauti zilizokauka, lakini Tanvi hakuwa na habari nao. Aliketi kando ya fundi, akamtolea nyuzi, akampangia vifungo. Kazi ilipopungua, fundi alimwachia kiti, naye Tanvi akashona mpaka mama yake alipomwita kula.

Alasiri moja aliteremka akiwa amevaa gauni jipya. Jipya? Tuseme jipya kwake. Alikuwa amelishona kutokana na mashati mawili makubwa ya kiume, moja la kijani kibichi na jingine jeupe lenye mistari ya samawati. Juu lilikuwa la kijani, kola imesimama vizuri. Kuanzia kiunoni yalishuka marinda ya mistari. Mashati yenyewe aliyatoa sokoni, katika kibanda cha mama yake Akong'o, rafiki yake wa darasani. Wala hakuchagua kamera, zile nguo bora zinazogombaniwa robota likifunguliwa. Aliyachomoa kwenye fagia, rundo la masalio ambayo hata anayeyauza amekwisha kuyakatia tamaa.

"Baba, tazama!" alisema, akazunguka marinda yakafunguka.

Gopal alikuwa akimwonyesha kijana mmoja koti. Aliinua macho, akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Kitambaa hicho umekitoa wapi?"

"Mtumba," Tanvi alijibu, kidevu juu.

Haya, hapo ndipo moto ulipowaka. Lakini ili tuelewane, ni lazima turudi nyuma kidogo. Likizo ya Disemba, Tanvi alifungua kabati lake kutafuta sweta, nguo zikamporomokea kichwani. Alipokaa chini kuzipanga, aliona kwamba nyingine zilikuwa na vibandiko vya bei bado. Hakuwahi kuzivaa, wala hakukumbuka ni lini alizitaka. Alipoona vile alichukia, akajichukia na yeye mwenyewe. Siku hiyo akajiwekea sharti: mwaka mzima hatachukua nguo mpya hata moja. Akihitaji nguo, atashona mwenyewe au atachagua mtumba, tena kwa kiasi.

"Utachoka kabla ya Pasaka," baba yake alimcheka wakati huo. Pasaka ikaja ikapita.

Si kwamba kazi ilikuwa rahisi. Gauni lake la kwanza alilikata kwa pupa, asiache nafasi ya mshono, na alipolivaa hakuweza kuinua mikono wala kuvuta pumzi. Fundi Ogeto alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mtoto wangu, umejishonea soksi!" Tanvi alilia, akalifumua, akaanza upya. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, fundi alimwambia, na gauni hili la mashati mawili lilikuwa la kwanza lililomkaa sawasawa. Ndiyo maana alilionea fahari kubwa.

"Kapande juu ubadilishe nguo," Gopal alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini? Ni safi, haijachanika."

"Kwa nini? Mtoto wa mwenye duka la nguo anavaa mtumba mbele ya wateja, halafu anauliza kwa nini! Kesho soko lote litasema Gopal amefilisika."

"Waseme," Tanvi akajibu. "Midomo ni yao."

Kama angekomea hapo, labda mambo yangepoa. Lakini siku hiyo ulimi wake haukuwa na breki. Alimgeukia yule kijana aliyekuwa akijaribu koti mbele ya kioo. "Kaka, koti kama hilo si unalo? Nilikuona nalo jana stejini ukingoja matatu. La pili la nini?"

Kijana akajitazama kiooni. Akalitazama koti. Akalivua polepole, akalirudisha mezani, akaaga kwa adabu na kwenda zake.

Gopal alilinyakua lile koti mezani. "Ala! Sasa unanifukuzia wateja! Unajua chakula unachokula kinatoka wapi? Kuanzia leo, usikanyage dukani wala barazani mpaka utakapovaa nguo za duka hili kama mtoto mwenye akili."

"Hata kwa fundi?" Tanvi aliuliza, akiitazama cherehani.

"Hata kwa fundi. Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi."

"Basi nitaingoja Idi!" Akapanda ngazi akipiga miguu kwa kishindo, na huko juu akalia kwa hasira hadi kola ya gauni ikalowa.

Adhabu hiyo ilimuuma kuliko fimbo. Kila alasiri alisikia cherehani ikilia chini ya sakafu, naye amekaa kitandani na sindano ya mkono, akitia pindo ambalo mashine ingelimaliza kwa dakika chache. Fundi alikuwa amemwahidi kumfundisha kuweka zipu. Ungekuwa wewe, labda ungeshuka siku ya pili umevaa nguo ya dukani, yakaisha. Tanvi alikataa katakata.

Shuleni alimsimulia Akong'o yote, akitarajia kusifiwa. "Siwezi kushindwa," alimaliza. "Nitavaa mtumba hadi waone kwamba mtumba ni heshima."

Akong'o aliacha kutafuna muwa wake. "Tanvi, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Wewe unavaa mtumba kwa sababu umependa. Mimi navaa kwa sababu ndio uliopo. Mama akipata pesa akaninunulia nguo mpya, nitaivaa na nitaringa nayo mtaa mzima. Sasa utakuja kuniambia niirudishe, kama ulivyomwambia yule kijana wa koti?"

Tanvi hakulipenda jambo aliloambiwa, lakini hakuweza kulipinga. Alijua kabisa kwamba hakumfahamu yule kijana. Huenda koti la jana lilikuwa la kuazima.

"La kijana nilikosea," alikiri mwishowe. "Lakini gauni langu silivui."

"Nani kakwambia ulivue?" Akong'o akacheka, akamvunjia kipande cha muwa. "Limekukaa. Mimi mwenyewe nalitamani."

Siku ya soko ikafika. Kulipambazuka na mvua, na watu wa Masimba na vijiji vya karibu wakajaa dukani, wengine kununua, wengine kujikinga tu. Gopal hakupata nafasi ya kupanda kula. Mama yake Tanvi, Hemlata, alikuwa na unga mikononi hadi kwenye viwiko.

"Mpelekee baba yako chapati hizi," alimwambia Tanvi.

"Nimekatazwa kukanyaga dukani, Mama. Na leo nimevaa gauni lile lile."

"Amekukataza kukaa, hakukataza ashibe. Peleka, uweke mezani, urudi."

Tanvi aliingia kwa mlango wa nyuma, bakuli mkononi, akinyatia kando ya ukuta. Hakufika mbali.

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Hebu simama hapo!" Aliyesema alikuwa Bi Eucabeth, mama mnene mchangamfu kutoka Masimba, ambaye duka zima lilimjua kwa sababu alinunua akicheka na kulipa bila kusumbua. Alimshika Tanvi mabegani, akamgeuza huku na huku. "Gopal, gauni kama hili ndilo ninalolitafuta! Binti yangu anaolewa, na wasichana wa kumsindikiza bado hawana nguo. Nimezunguka Keroka yote miguu imevimba. Hili liko wapi hapa?"

Gopal alilitazama gauni, akamtazama mteja wake. Tanvi aliona jinsi uso wa baba yake ulivyobadilika.

"Hilo, mama? Hilo ni toleo jipya kabisa. Lipo kwenye mzigo unaoingia wiki ijayo. Weka oda leo, nikuwekee."

Kisha akainama kuchukua bakuli, akamnong'oneza binti yake kwa lugha ya nyumbani: "Nyamaza tu. Nyamaza, na kesho urudi kwa Ogeto, uvae unachotaka."

Kesho! Cherehani, zipu, kiti chake barazani, na gauni lake mwilini, vyote kwa bei ya kufunga mdomo. Kule nje fundi Ogeto alikuwa akikata uzi kwa meno. Bi Eucabeth alikuwa amekwisha kufungua mkoba wake.

"Si kweli," Tanvi alisema.

"Tanvi!"

"Si kweli, mama. Halipo kwenye mzigo wowote. Ni mashati mawili ya mtumba, ya fagia. Nimelishona mwenyewe, fundi akanielekeza."

Bi Eucabeth alifunga mkoba wake taratibu. Hakucheka tena. "Kwa hiyo wiki ijayo ulitaka kuniuzia nini, Gopal?" Gopal alianza kueleza kwamba fundi angeweza kushona mengine mfano wa lile, kwamba ingekuwa yale yale. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale pale mezani. Bi Eucabeth akafungua mwavuli na kutoka.

"Panda juu," Gopal alimwambia binti yake bila kumtazama.

"Napanda. Lakini siwezi kusema uongo kuhusu nguo yangu." Alipanda akijua kwamba sasa ameikosa cherehani moja kwa moja.

Siku mbili baba na binti hawakusemezana. Chakula kililiwa kimya, hata Hemlata akachoka. "Mmoja ana aibu, mwingine ana kiburi," alisema akikusanya sahani, "na mimi ndiye ninayekula na mawe." Gopal aliinamisha kichwa.

Siku ya tatu, Tanvi akiwa kitandani na sindano yake, alisikia baba yake akimwita. Alishuka akijiandaa kwa ugomvi. Dukani alimkuta Bi Eucabeth ameketi, mfuko mkubwa miguuni.

"Njoo hapa, mkweli," mama yule alimwita. "Nimekwenda hadi Kisii mjini. Kila duka, 'toleo jipya, toleo jipya,' hadi nikachoka, sikujua nimwamini nani. Nikasema, kule Keroka kuna mtoto hakunidanganya hata mbele ya faida ya baba yake. Huyo ndiye nitakayemuuliza." Akamwaga mfuko mezani. Yalikuwa magauni ya wasindikizaji wa harusi ya dada yake, yaliyokaa sandukuni miaka mingi. "Niambie, haya yanaweza kugeuzwa kama la kwako?"

Tanvi alimtazama baba yake. Gopal akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipoyachukua moja moja, akayainua kwenye mwanga kama fundi alivyomfundisha, akavuta mishono, akatazama makwapa.

"Haya matatu yanafaa, mama. Kitambaa bado kina nguvu. Hili limeoza kwapani, ukilishona litapasuka wakicheza." Akasita. Zamani angehubiri hapa. "Kwa hilo moja na kola zote, utahitaji kitambaa kipya. Baba anacho cha rangi inayopatana. Ukipenda, lakini."

"Napenda," Bi Eucabeth alisema, akacheka kicheko chake kilichojulikana. "Gopal, nipimie. Na fundi aanze leo."

Bi Eucabeth alipoondoka, Gopal alikaa juu ya meza ya kukatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaa, binti yangu. Nilipoanza biashara hii sikuwa na duka, nilikuwa na neno langu tu, watu wakaliamini. Juzi nilitaka kuliuza, tena kwa bei ndogo. Ulinizuia. Niliona aibu, nikaita aibu yangu utovu wako wa adabu. Nisamehe."

Tanvi akaketi kando yake. "Na mimi nilimfukuza mtu wa koti. Lile halikuwa kosa lako."

"Hapo ndipo ninapotaka usikie," Gopal alisema. "Kutonunua ni uamuzi wako, na sitakulazimisha tena. Mtu hapimwi kwa nguo ngapi anazo, wala kwa mahali zilikotoka, dukani au sokoni. Lakini mfuko wa mwenzako ni wake. Mwambie ukweli anapokuuliza, kisha mwache aamue. Ukweli usiupunguze hata kidogo, mbele ya mteja wala mbele ya baba yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Na gauni langu?"

"Vaa." Alimtazama kuanzia kola hadi chini, akakunja uso. "Ila pindo la nyuma limepanda upande mmoja. Wakikuona hivyo ndipo watakaposema nimefilisika. Geuka."

Tanvi akageuka. Gopal akatia pini midomoni, akapiga magoti sakafuni mbele ya wateja waliokuwa wakiingia, akaanza kulinyoosha pindo la gauni la mtumba.

"Simama wima," alisema kwa meno yaliyobana pini. "Usitingishike."

"Sitingishiki," Tanvi akajibu.