Kopo la Saba

"Karafuu tatu," alisema Mwanahija.

Mwenye duka alidhani hakusikia vizuri. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na soko la Kismayo lilikuwa limefurika. Mikokoteni ya punda ilidai njia, wanawake waligombania nyanya, na spika ya duka la simu ilikuwa ikipiga kelele peke yake.

"Kilo tatu?"

"Karafuu tatu. Punje. Na hiliki tatu, na ndimu kavu moja, na papa mkavu wa kiasi hiki." Akamwonyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho.

Kijana mwenye duka akaweka mizani chini. Alivaa kikoi cha mistari ya buluu na shati jeupe lililoingia manjano ya bizari mikononi. "Abaayo," alisema, akimwita dada kwa Kisomali kama wafanyavyo wauzaji wote wa pale, "wawapikia sisimizi?"

Wateja wakacheka. Mwanahija hakucheka. Aliuvuta mtandio wake wa zambarau na kusema, kwa sauti ya chini, "Nasomesha chekechea. Leo ni sayansi. Watoto watanusa."

"Kwa hivyo papa wangu aenda shule! Mimi mwenyewe sikufika mbali." Alifunga kila kitu katika karatasi yake, taratibu, kama dawa. "Chukua, mwalimu. Bei yake ni moja: urudi uniambie walisemaje."

Alirudi siku ya pili, kwa kuwa ameambiwa arudi.

"Walisemaje?"

"Karafuu wamesema ni jino la bibi. Na mmoja, Nuha, amesema papa anuka kama babu yake."

"Nuha yupi? Nuha wa Mahmudi?" Kijana alishika meza kwa kicheko. "Huyo ni mwana wa dada yangu! Babu yake ni babangu mimi! Wallahi leo mzee atakula chakula nje." Alipomaliza kufuta macho, akamtazama. "Wewe huwa hucheki?"

"Nacheka."

"Lini?"

Mwanahija alifikiri kweli kweli. Kijana akaomba namba yake ya simu, kwa ajili ya sayansi, akasema. Jina lake lilikuwa Hussni.

*

Chekechea yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, mikeka minne na watoto thelathini na wawili. Mwalimu Swabra, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyeianzisha, na alifundisha kusoma na hesabu. Mwanahija aliajiriwa kufagia na kuwapeleka wadogo chooni, kwani aliacha shule darasa la tano, kambini Kenya, ambako watu wake walikimbilia kutoka kisiwa cha Ngumi. Mwalimu wa pili alipoolewa na kuhama, Swabra alimwambia, "Wewe shika sayansi na maarifa ya jamii. Hayo hayana kitabu hapa. Yana vitu tu."

Basi akafundisha kwa vitu. Alikuwa na makopo sita ya maziwa ya unga, vifuniko vimetobolewa kwa msumari. Mtoto hunusa, hafungui, halafu husema. Anayesema hasikii harufu yoyote hakemewi. Huulizwa tena kesho. Kwa maarifa ya jamii, watoto walichora njia ya kutoka kwao hadi shuleni, na kila Jumatatu mtu mmoja wa mtaani alikuja kueleza kazi yake. Walimu wa shule kubwa walikuja kutazama na kusema msichana huyu ana kipaji. Yeye alisikia kama vile anasifiwa mtu mwingine, nyuma ya ukuta.

Maana Mwanahija alikuwa hivyo tangu baba yake alipofariki, miaka miwili nyuma. Siku ile alipika chai ya waliokuja kuhani, akaosha vikombe, akalala. Watu walisifu subira yake. Yeye alijua haikuwa subira. Alingoja kilio mwezi mzima, kisha akaacha kungoja.

Hussni alipiga simu kila siku baada ya sala ya alasiri.

"Mwalimu wangu! Leo mmenusa nini?"

"Leo tumezamisha. Jiwe, kizibo, kifuu cha nazi, chungwa."

"Chungwa lazama?"

"Zima laelea. Ukilimenya, lazama."

"Ah, kama mimi. Tangu unimenye nazama tu."

"Sikukumenya."

"Mwanahija, mpenzi, hapo unatakiwa kucheka."

"Sawa."

Hussni ndiye aliyecheka kwa niaba ya wote wawili. Jumatatu moja akaja darasani kama mtu wa mtaani, kwa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Alieleza mizani. Watoto wakanyoosha mikono.

"Kwa nini mikono yako ni ya manjano?"

"Bizari."

"Kwa nini huna mke?"

"Hilo muulizeni mwalimu wenu."

Macho sitini na nne yakamgeukia Mwanahija. Aliwaambia wapange mstari wa kunawa mikono.

*

Wiki ile Hussni alimpa vifurushi vya somo la harufu kama kawaida, na kimoja kikubwa zaidi, kimefungwa kwa kitambaa cha hariri ya kijani. Akawa hana mzaha. "Hiki kimetoka kwa mama," alisema, akitazama mizani. "Chako."

"Ahsante," alisema Mwanahija, akakitia kapuni pamoja na vingine.

Ndani mlikuwa na udi wa kupikwa, mweusi, unanata sukari na marashi. Mwanahija aliona ni harufu mpya, watoto hawana. Akatoboa kopo la saba.

Nuha alinusa na kuruka. "Udi wa bibi! Huu bibi amepika mwenyewe, alinifukuza jikoni!" Mtoto mwingine, Zakir, alisema ni harufu ya harusi. Mwingine akafungua kifuniko, akatia kidole akalamba, akasema ni tamu. Mpaka saa sita kila pua ilikuwa imepita, na udi ulikuwa na alama za vidole.

Alasiri simu ikalia.

"Mwanahija." Hakumwita mwalimu. "Ni kweli ulichotumiwa na mama umewagawia watoto wanuse?"

"Kweli. Wamependa."

"Ungesema hutaki. Ningekwenda zangu. Mama alisimama siku mbili motoni, na leo Nuha amehadithia mtaa mzima, barazani, mbele ya wageni. Hukuona njia nyingine ya kunikataa?"

Mwanahija hakuelewa anakataa nini. Alijua tu kwamba mtu amekasirika, na wakati wa hasira alikuwa na neno moja.

"Sawa," alisema.

Simu ikakatwa.

Kesho yake alasiri haikulia. Alipiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Siku ya tatu Mwalimu Swabra alimkuta amekaa mbele ya makopo, akamuuliza, naye akaeleza. Swabra alivua miwani.

"Kitambaa cha kijani? Kutoka kwa mamake? Wewe! Umewanusisha watoto posa yako!"

"Posa?"

"Kwa kina Bi Wardah, mamake Hussni, desturi ni hii: mama wa kijana hupika udi kwa mkono wake, autume kabla ya wazee kwenda kuposa. Msichana akiurudisha, basi, hakuna aliyeaibika. Akiufukiza kwao, majirani wakasikia, wazee huvaa kanzu zao. Huyu mtoto! Kwani hukuambiwa?"

"Na nani?" aliuliza Mwanahija. Mama yake alifia kambini, yeye akiwa na miaka sita. Lilikuwa swali tu, lakini Swabra alikaa chini mkekani.

*

Siku nne Mwanahija alifundisha kama kawaida. Hakulia, hakukonda. Ila alianza kupita njia ndefu ya nyuma ya msikiti ili asipite sokoni. Na kila alasiri alijikuta amesimama pale kwenye kizingiti cha nyumba ya ami yake, alikoishi, mahali pekee ambapo mtandao ulishika, na simu mkononi. Siku ya tano aliona miguu yake pale kizingitini, akaishangaa. Alivaa baibui lake safi, akaenda kwa Bi Wardah.

Bi Wardah alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Karibu, mwalimu. Umekuja na pua zako zote, au moja tu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku mbili nimesimama jikoni. Magoti haya! Na mchu mzima, mtu msomi, awatilia wana udi wangu koponi!"

"Mimi si msomi, mama. Niliacha darasa la tano. Na ule udi sikujua ni wa nini. Hakuna aliyenifundisha."

Ungo ukasimama. "Hukujua?"

"Naapa. Hussni aliniambia ni changu. Na vyangu vyote navitumia darasani."

Bi Wardah alimtazama kwa muda, toka mtandio hadi viatu. "Haya. Sasa wajua. Wampenda mwanangu?"

Hapo Mwanahija angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Aliona hata uso wa yule mama ukijiandaa kwa ndiyo. "Sijui," alisema. "Tangu baba afariki sisikii kitu, mama. Si furaha, si uchungu. Wengine wanaeleza mapenzi kwa maneno ambayo kwangu hayapo. Lakini yeye hunipigia simu baada ya alasiri, na mimi husimama mlangoni kabla hajapiga. Na tangu aache, bado nasimama. Hilo tu ndilo nililo nalo."

Bi Wardah alirudi kwenye mchele. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. Kisha akachukua simu chini ya mkeka.

"Hussni! Funga duka uje. Nini wateja? Wateja wana miguu, watarudi. Njoo, mwalimu wako yuko hapa amesema kitu, na mimi sitakirudia, nina kazi."

Alikuja anahema, mikono ya manjano. Mama akainuka na ungo wake, akaenda kukaa ukumbini, karibu vya kutosha kusikia.

Mwanahija alirudia kila kitu, neno kwa neno, kama anayesoma. Udi. Baba. Mlango. Hussni alisikiliza amechuchumaa, na kofia mkononi.

"Na mimi nikakupigia kelele," alisema mwisho.

"Hukupiga kelele. Ulisema polepole. Ilikuwa mbaya zaidi."

"Ilikuuma?"

Alifikiri. "Sijui. Niliunguza wali mara mbili."

Hussni alianza kucheka, akajizuia. "Mwanahija, sikiliza. Mimi sitaki mke wa kuniigizia. Nina maneno mengi, yatutosha wawili. Lakini niambie: na huko mbele ikibaki hivi hivi? Usisikie kitu mpaka tuzeeke?"

"Basi utakuwa na mke asiyecheka."

"Na atasimama mlangoni?"

"Atasimama."

"Sawa," alisema Hussni. Kutoka ukumbini mama yake akasema kwa sauti kwamba yeye udi wa pili hapiki, magoti hayana ruhusa. Wazee waende hivyo hivyo.

*

Wakaenda Ijumaa, na baada ya wiki tatu ikawa ndoa. Mwanahija aliketishwa chumba cha ndani kwa nguo ya rangi ya komamanga, hina mpaka viwikoni, shela usoni. Wanawake walijaa kama sokoni. Nje, barazani, wanaume walinyamaza, na ami yake Athman akaja mlangoni na mashahidi wawili kuuliza kama kawaida.

"Mwanahija, Hussni amekuposa nasi tumekubali. Nawe waridhia?"

Kila mtu alijua kinachofuata. Msichana hunyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake huhesabiwa ndiyo. Bi harusi hungojwa kidogo tu. Tayari Bi Wardah alikuwa amejaza kifua hewa kwa kigelegele.

"Ngojeni," sauti ikatoka chini ya shela.

Hewa ya Bi Wardah ikabaki kifuani. Mwanahija akasimama, akainua shela kwa mikono miwili, hina na yote.

"Kunyamaza kwangu msikuhesabu, ami," alisema. "Mimi hunyamaza kila siku, kwa kila kitu. Hata siku ya baba nilinyamaza, mkanielewa vibaya. Hili nataka nilitamke."

Mwalimu Swabra alimvuta mkono. Yeye hakukaa.

"Naridhia," alisema.

Shahidi mmoja, mzee, alitega kiganja sikioni. "Amesema nini?"

Moyo wake haukwenda mbio. Alingoja aone kama utakwenda, haukwenda. Akavuta pumzi, akasema tena, kwa ile sauti ya kuwaita watoto thelathini na wawili kutoka uwanjani, hata barazani walisikia wote, na Hussni aliyekuwa ameinamisha kichwa akakiinua:

"Naridhia!"