Shindano la Mashine Mbili

Kila siku akitoka shuleni, Muzdalifa hupita nyumbani kula, kisha huenda kwenye banda la gemu la kaka yake, Dulla, pale Ikwiriri karibu na kinu cha kukoboa mpunga. Kazi yake ni kufagia na kufuta vumbi. Kinu hicho hakina huruma. Kikianza kunguruma, vumbi la pumba huingia mpaka kwenye kope. Unafagia, unageuka, mkeka umechafuka tena.

Tangu Dulla alete mashine mpya ya gemu kutoka Dar es Salaam, watoto wa darasa la sita hawakuwa na mazungumzo mengine. Swalehe, anayekaa dawati moja na Muzdalifa, alisema hakuna mashine yenye nguvu kama ile kuanzia Kibiti hadi darajani Ndundu. Mshamu hakukubali. Yeye alikuwa shabiki wa mashine kuukuu ya Dada Sikudhani, mwenye banda la pili ng'ambo ya barabara.

"Grafiki za Dulla ni moto wa kuotea mbali," alisema Swalehe. "Unaona mpaka jasho la mchezaji. Nyasi za uwanjani unaweza kuzihesabu."

"Kwani umekwenda kuhesabu nyasi au kucheza mpira?" Mshamu akamjibu. "Mashine ya Dada Sikudhani haigandi hata siku moja. Yenu siku hizi wachezaji wanakimbia kama wamebeba magunia ya mpunga."

Maneno hayo yalimuuma Muzdalifa kwa sababu yalikuwa ya kweli. Aliipenda mashine ile kupita kiasi. Uwanja ukiwaka kwenye kioo, taa zikimulika mvua inayonyesha, alisahau hata alipoliweka fagio. Alikuwa ameifumia kitambaa cha maua, kama vile vinavyofunika redio na televisheni katika kila nyumba ya heshima. Dulla alimshukuru, lakini akamwonya kwamba aliyemuuzia alisema isifunikwe ikiwa imewashwa. Muzdalifa alijiuliza huyo mtu wa Dar anajua nini kuhusu pumba za Ikwiriri. Kinu kikinguruma aliifunika hivyo hivyo, akachomeka pindo nyuma, ndani ya kisanduku cha wavu ilimokaa, ambamo Dulla hakuwa na kawaida ya kuchungulia.

Ubishi ulipozidi, Dulla alikubali shindano. Ijumaa alasiri, kinu kikiwa kinanguruma kama kawaida, Dada Sikudhani alivuka barabara na mashine yake kwapani. Kila mashine ingechezesha mechi ileile kwenye televisheni ileile.

"Hii yangu ikishindwa leo," Dulla alisema mbele ya watu, "nitajua nimeuziwa bandia. Na kila mwenye banda, kutoka hapa mpaka Dar, atalijua jina la mwizi huyo."

Mashine kuukuu ilitangulia. Nyuso za wachezaji hazikuonekana vizuri na majani yalikuwa kijani kitupu, lakini ilifika mwisho bila kukwama. Ilipofika zamu ya ile mpya, watu walisogea karibu na kioo. Mshamu mwenyewe alibaki mdomo wazi bao la kwanza lilipotikisa nyavu. Kisha, kipindi cha pili, feni ya ndani ikaanza kulia. Wachezaji wakasitasita, picha ikaganda, kioo kikawa cheusi.

Mshamu na wenzake walicheka mpaka wakashikana mbavu. Muzdalifa akaingiza mkono kwenye kisanduku na kukichomoa kitambaa. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Hapo ndipo alipoelewa. Akakificha chini ya mtandio wake.

Dulla alikuwa ameshashika simu. "Natuma ujumbe kwenye kundi la wenye mabanda sasa hivi," alisema. "Yule mtu ni tapeli, amekula jasho langu."

Muzdalifa alijua kwamba akisema, atachekwa na nusu ya darasa, na huenda asikanyage tena banda lile. Akinyamaza, mtu asiye na kosa ataitwa mwizi kila mahali. Alisimama.

"Kaka, usitume. Yule mtu hana kosa, kosa ni langu. Nimekuwa nikiifunika ikiwa inawaka, na wewe ulinikataza."

Akakiweka kitambaa mbele ya Dulla. Dulla alikigusa, akaitazama simu, kisha akaiweka chini.

"Ulitaka kuikinga na vumbi?"

"Ndiyo, kaka."

"Umeinyima hewa, mdogo wangu. Na mimi nilibakiza kidogo tu kumchafulia mtu jina."

Dada Sikudhani, aliyekuwa akikunja waya zake, aliacha. "Hata mimi nina langu," alisema. "Nilipoinama kuchomeka waya nilikiona kitambaa kile. Huu ni mwaka wa sita natengeneza mashine hizi kwa mikono yangu, nilijua itazimika. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kushinda."

Hakuna aliyecheka tena. Waliiacha mashine ipoe. Dada Sikudhani akamwonyesha Muzdalifa matundu ya hewa, na jinsi ya kuyasafisha kwa brashi laini kila siku kabla mashine haijawashwa. Kisha mechi ikarudiwa. Mvua ilinyesha juu ya uwanja, matone yakang'aa kwenye jezi, na mashine ikaenda laini mpaka filimbi ya mwisho. Mshamu aliomba acheze yeye mechi inayofuata.

"Mashaallah," alisema Dada Sikudhani. "Yangu haioni ndani kwa hii."

Kisha akawageukia watoto. "Mmebishana wiki nzima mkitafuta mashine yenye nguvu, lakini la leo si la mashine. Kutojua ni kosa dogo, mtu anaelekezwa yanakwisha. Kuujua ukweli na kuuficha ndiko kunakomuumiza mwenzako. Muzdalifa ameusema wake akijua mtamcheka. Mimi mtu mzima nilisubiri mpaka mtoto anitangulie, na hilo sitalisahau."