Folda Iliyoachwa Wazi

Kasoro ya kwanza ilikuwa karatasi moja tu, na Fundi aliidharau.

Mchana huo alishinda akihangaika na kompyuta zake mbili kuukuu, moja ya sebuleni, nyingine ya chumbani yenye printa. Waya wa kuziunganisha ulikuwa mzima, lakini kila ya sebuleni ilipoomba faili au kutaka kuchapisha, ya chumbani ilikataa. Mganga hajigangi. Mtu aliyetengeneza kompyuta za mtaa mzima alishindwa na za kwake, na mkewe hakuchoka kumtania. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akafanya jambo analowakataza wateja kila siku: akaifungua folda ya familia kwa yeyote, aingie na kuchukua atakacho, bila neno la siri.

"Karibuni nyote," akasema kwa kejeli.

Printa ikakohoa, ikatoa karatasi: *Baba, nina njaa.*

Ndiyo maneno aliyotoka kuyasema binti yake kule jikoni. Alikuwa na miaka sita, na walimwita Chiriku kwa kuwa tangu ajue kusema hajawahi kufunga domo. Fundi alidhani mkewe anamfanyia mzaha, akaikunja ile karatasi na kuitupa.

Kesho yake Chiriku alishika tumbo, akafumbua mdomo, akakosa la kusema. Neno njaa lilikuwa limemtoka. Siku iliyofuata likaondoka maji, kisha kiatu, kisha mama, na kila mara printa ilikohoa kwanza, karatasi ikatoka, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Fundi akachungulia orodha ya kompyuta zilizounganishwa, akakuta tatu. Ya tatu haikuwa na jina. Aliufuata waya kwa mkono, chini ya zulia na nyuma ya kabati, mpaka mwisho wake. Kompyuta zilikuwa mbili tu.

Mkewe akamleta mganga, mama mshonaji aliyesifika kwa kutoa majini. Alisimama kizingitini, akanusa, akagoma kuingia.

"Mimi humtoa aliyejiingiza," alinong'ona. "Huyu mmemkaribisha."

"Basi niifunge hiyo folda?"

"Usithubutu, baba. Maneno ya mtoto yamo humo. Ngoja ashibe mwenyewe, pengine atayaacha."

Fundi alingoja. Alingoja siku tisa, na siku ya tisa Chiriku alikuwa amebakiwa na neno moja, baba, alilolirudia kutwa nzima akiwa amemng'ang'ania shati, hata ilipofika alasiri na ile harufu ikaanza kutambaa kutoka chumbani, na printa ikakohoa, na karatasi ikaanza kushuka polepole ikiwa na herufi ya kwanza ya neno lile, Fundi hakumkumbuka tena mshonaji wala onyo lake, alikimbia, akaketi, akaamuru folda ifungwe, na kompyuta ikamwonya kwamba mtu mmoja bado yumo ndani, je, aendelee? Akabonyeza ndiyo.

Printa ikanyamaza. Fundi akachomoa waya wa umeme wa printa, akageuka.

Chiriku alikuwa mlangoni, midomo ikicheza, sauti haitoki. Kisha hata midomo ikatulia. Akamtazama baba yake kama mtoto anavyomtazama mgeni, akarudi nyuma na kujificha kwenye kanga ya mama yake.

"Umefanya nini, mume wangu?" mkewe aliuliza taratibu.

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Fundi, unaning'inia, wakati printa ilipokohoa tena na kumalizia karatasi iliyokuwa imekwama: *Baba, mbona umefunga na mimi nimo ndani?*