Ua la Udongo Mweupe

Fulgence alifungua dumu, na kabla hajalifikisha mdomoni harufu ikampiga puani. Spiriti. Dumu la maji, la njano vilevile, lilikuwa limebaki jikoni kwao Songea.

"Mama Oliva," aliita, "nimetuua."

Mkewe, Kunegunda, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo wa jasi, mweupe kama unga wa muhogo, akichimbua ua dogo la zambarau pamoja na mizizi yake. Kazi yake ilikuwa kukusanya mimea ya kukaushwa na kuhifadhiwa, na ua hili alikuwa amelitafuta miaka mingi bila kuliona. Alilitandaza kati ya magazeti, akaloweka magazeti kwa spiriti lisije likaota ukungu njiani, akalibana kwa mbao mbili na kukaza mikanda.

"Bado hujatuua," alisema. "Twende."

Hawakufika mbali. Ganda la jasi lilivunjika chini ya Kunegunda, mguu ukazama hadi gotini, kifundo kikalia kama kuni kavu. Pikipiki ilikuwa ng'ambo ya vilima, na chupa ya maji waliyokuja nayo ilikwisha asubuhi. Jua la Oktoba liliwachoma juu, jasi ikawachoma chini. Fulgence alikifunga kifundo kwa vijiti na khanga.

"Kule bondeni kuna miti mibichi. Ni mto ule."

"Mkavu."

"Mchanga wake una maji. Panda mgongoni."

"Mbao zangu kwanza."

Akabeba vyote. Alipita jasi, akaingia kwenye miombo isiyo na jani, miiba ikimchana mapaja. Kwenye mteremko magoti yalimgomea, wakaanguka wote wawili. Ulimi wake ulikuwa mgumu kama soli. Akaanza kufungua mkanda aliobebea mbao.

"Baba Oliva, usithubutu! Niache mimi hapa. Peleka ua, urudi na maji."

"Ua litaota tena. Wewe nitakuotesha wapi?"

Akaziacha mbao juu ya kichuguu, akambeba mkewe peke yake.

"Mngoni mbishi wewe!"

"Tukana. Ukinyamaza ndiyo naogopa."

Basi akatukana. Alitukana ugali wake mbichi, akatukana kukoroma kwake, akatukana suruali aliyovaa siku ya ndoa yao. Kila sauti yake ilipofifia, Fulgence alimfinya, naye akaanza upya, mpaka midomo ikapasuka na matusi yakabaki pumzi tu.

Mtoni Fulgence alichimba kwa mikono. Mchanga ukawa mweusi, kisha wa baridi, kisha maji yakajikusanya kidogo, ya tope. Alichovya shati, akamkamulia mkewe mdomoni. Kishimo kikajaa taratibu, akachovya tena. Na tena.

Hapo ndipo Bakili, mkulima wa korosho aliyefuata maji kwa baiskeli, alipowakuta.

"Subhanallah! Huko kwenye udongo mweupe hata nyani hawaendi. Mlifuata nini?"

"Ua," alisema Fulgence kwa sauti ya kukwaruza.

"Mmelipata?"

Fulgence aliinamisha kichwa. Alijua mkewe angeweza kulilia ua lile mpaka uzeeni. Kunegunda hakugeuka hata kutazama mteremko. Alikuwa akitazama midomo ya mumewe, imekauka, nyeupe kwa vumbi la jasi.

"Kaka yangu, achana na ua," alimwambia Bakili. "Mpe huyu maji. Tangu tufike hapa hajanywa hata tone."